Mvuvi Aliyeukwepa Ua wa Kaka Yake

Wapendwa, kaeni. Mvua imetupa nafasi kidogo juu ya bati, na mimi nitaitumia kabla haijarudi. Masika ya mwaka jana ilininyang'anya mahubiri yote, nikabaki hapa nachezesha mdomo kama samaki wa kwenye ndoo, nanyi mkaitikia amina kwa huruma tu.

Leo sianzi na somo. Kwanza nataka tupande mtumbwi. Asiyejua kuogelea ashike benchi.

Kulikuwa na mvuvi mmoja kwenye bwawa kubwa, bwawa la umeme, kubwa kiasi kwamba ukisimama upande huu mbuzi wa upande ule huwaoni. Msianze kunong'onezana mkimtafuta ni nani. Hamumjui. Na atakayenifuata baada ya ibada kuniambia anamjua, nitamwuliza amemjulia wapi.

Bwawa hilo halikuwepo tangu dunia iumbwe. Chini yake palikuwa na kijiji. Mto ulipozibwa, watu wa kijiji walihamishiwa mwinuko wa juu. Wakabeba kuku, wakabeba vinu, wakabeba mabati, na milango yao wakaing'oa pamoja na bawaba zake, maana mlango wa mninga si kitu cha kumwachia kambale. Kisha maji yakaja, polepole, siku baada ya siku, bila haraka kama mgeni anayejua kwamba chakula bado. Yakaingia shuleni. Yakaingia sokoni. Yakaingia kanisani, na hayajatoka mpaka leo.

Sasa, wavuvi waliozaliwa kijijini humo wana desturi ambayo wavuvi wa kuja hawaielewi. Wenyewe hawasemi wametega magharibi au mashariki. Wanasema, "Leo nimetega shuleni." Mwingine anajibu, "Mimi nipo kisimani wiki ya pili hii." Na wapo wanaosema, bila ubaya wowote, "Aa, kanisani mwezi huu hakuna kitu." Msicheke sana. Baadhi yenu mnalisema hilo hilo, na bwawa hamlijui.

Mvuvi wetu alikuwa hodari wa ramani hiyo ya chini ya maji. Akipiga kasia alikuwa kama mtu anayetembea mtaani kwao. Hapa kwa fundi cherehani. Hapa njia ya mtoni, hapa paligawanyika, kushoto unakwenda kwa wajomba, kulia unakwenda kwetu. Asubuhi zenye ukungu aliweza kuapa kwamba anasikia kuku chini yake, na mtu anatwanga. Alikuwa akitabasamu peke yake huko majini, na waliomwona walidhani amezidiwa na jua.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo mtumbwi wake ulikuwa unapinda. Akitoka shuleni kwenda sokoni, badala ya kunyoosha, alipiga duara kubwa, robo saa nzima ya kasia, ndipo akarudi kwenye mstari. Vijana wa bwawani walikuwa wakimcheka. Walisema, "Mzee anakata kona kama lori, na barabara yenyewe haipo!"

Mnajua alikuwa anakwepa nini? Alikuwa anakwepa ua wa kaka yake.

Ndiyo. Ua wa kaka yake mkubwa, tumbo moja, ziwa moja. Ua uliokuwa chini ya maji, pima mbili kwenda chini, kwa miaka ishirini na miwili.

Walikosana mwaka wa mwisho kabla ya kuhama, na mwaka huo ulikuwa wa ukame. Mashamba yao yalikuwa yakinywa maji ya mfereji mmoja, kwa zamu. Jumatatu na Jumanne kaka, Jumatano na Alhamisi mdogo. Jumatano moja mdogo alikwenda kufungua maji akakuta mfereji umekauka, na juu kidogo maji yanaimba kwenye mahindi ya kaka yake. Yeye alikuwa na maharage yanayotoa maua. Yalinyauka mbele ya macho yake. Alikwenda mpaka uani kwa kaka yake, akasimama katikati ya ua uliofagiliwa, mbele ya wake na watoto na majirani, akasema, "Tangu leo mguu wangu hautakanyaga uani kwako." Na kaka, badala ya kusema nisamehe, akajibu kwa hasira, "Na mlango wangu usiuone tena."

Maneno mawili tu. Muda wa kuyasema haufiki hata wa kumenya kitunguu.

Maji yaliyowagombanisha yangejaa ndoo ngapi? Na sasa tazameni. Hata mwaka haujapita, yakaja maji ya kufunika mfereji, na mahindi, na maharage, na ua, na kijiji kizima, mpaka maji hayana mtu wa kuyagombania. Lakini lile neno halikuzama. Lilielea. Mvuvi wetu alikuwa akilizunguka kila siku kwa kasia.

Huko juu walikohamia walijengewa mbali mbali, mmoja mwanzo wa kijiji, mwingine mwisho, na hilo lilimfaa kila mmoja. Habari pekee ya kaka yake aliyoipokea kwa furaha ilikuwa ya mwaka ule wa kwanza. Watu walisema nyumba mpya ya kaka haina mlango. Ametundika jamvi mlangoni, na baridi ile yote ya Julai familia inalala nyuma ya jamvi. Wenzake wote walibeba milango, yeye peke yake hakubeba. Mvuvi wetu alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Uvivu huo! Wa kuiba maji yupo, wa kung'oa mlango hayupo." Likumbukeni jamvi hilo. Tutalirudia.

Sasa masika ikafika. Wavuvi mliomo humu mnajua masika inavyofanya. Mto unaleta maji mapya, mekundu, kambale wanapanda nayo kwenye majani. Perege wao hawapendi tope. Wanatafuta mahali pa kuchimba viota vyao, penye mchanga safi, maji ya vuguvugu, upepo usipofika. Bwawa ni kubwa, na samaki wakati huo hawako kila mahali. Ukikosea mahali, utarudi na nyavu zilizojaa matawi.

Na mvuvi wetu mwaka huo hakuwa na nafasi ya kukosea. Alikuwa na binti mmoja, jina lake Nakijwa. Huyu namtaja jina kwa sababu hana kosa. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumchukua. Na watu wale waliotoka chini ya maji wana mambo mawili wasiyoyaacha. La kwanza, wakwe hulishwa samaki wa bwawa, waliovuliwa na baba wa binti kwa mkono wake. Samaki wa kununua ni aibu, maana yake baba hana mkono. La pili, binti hatoki nyumbani mpaka baba yake mkubwa amshike mkono na kumvusha kizingiti. Asipovushwa, wazee husema ameondoka kama aliyetoroka.

La kwanza lilimnyima mvuvi usingizi. La pili alilifunika. Alimtafuta binamu mmoja wa mbali, mtu aliyeonana naye msibani tu, akamwomba asimame badala ya baba mkubwa. Nakijwa aliambiwa. Aliinuka akaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Jumatano mvuvi alitega shuleni, akapata perege watatu wa kukaa kiganjani. Alhamisi alifuata wenzake mdomoni mwa mto, gogo likaja na maji likamchania wavu mmoja. Akabaki na wavu mmoja na asubuhi moja, asubuhi ya Ijumaa.

Alipokuwa anakunja wavu wake uani, mkewe alikuwa akisugua masufuria makubwa ya kuazima.

"Baba Nakijwa, leo unakwenda wapi?"

"Sokoni. Au nijaribu tena mdomoni mwa mto."

"Sokoni kuna kina. Na mdomoni mwa mto mitumbwi imeshawazidi samaki." Mama akaendelea kusugua. "Si wewe uliyenifundisha perege wanakwenda wapi masika? Penye mchanga safi. Penye maji ya vuguvugu. Upepo usipofika. Ni wapi hapo?"

"Mama Nakijwa, usianze."

"Sijaanza mimi. Ilianza miaka ishirini na miwili iliyopita. Mimi nauliza samaki."

Mbona akina mama mnatazamana?

Mvuvi alijua jibu. Alilijua kila masika. Katika kijiji kile chote hapakuwa na ua uliofagiliwa kama ule wa kaka yake. Shemeji yake alikuwa akiufagia asubuhi na jioni, miaka na miaka, mpaka ukabaki mchanga mtupu, mweupe, na nyuma yake mwinuko uliokinga upepo. Perege gani atapita mahali hapo akaenda kuchimba kwenye tope?

Aliingia majini na ukungu. Ilikuwa ile asubuhi ambayo maji na mbingu vina rangi moja, hata hujui mtumbwi umeelea juu ya nini. Mvua ya usiku ilikuwa imekwisha na kila kitu kilikuwa kimetulia. Alipiga kasia taratibu, mbili kushoto, moja kulia. Akapita juu ya kwa fundi cherehani. Akapita juu ya uwanja wa shule, na akili yake ikamchezea, akasikia watoto wakihesabu kwa sauti moja. Akafika pale ambapo kila siku hupinda.

Hapo akasimama. Kushoto kulikuwa na ile kona yake ndefu ya kwenda sokoni kwenye kina. Mbele kulikuwa na ua.

Alikaa. Akawaona wakwe wameketi na sahani zenye ugali mtupu. Akamwona Nakijwa na ndoo zake zilizojaa. Moyo ulimuuma, na haya ilimuuma zaidi. Basi sikilizeni alichofanya. Aliinua kasia akaliweka magotini. Akasema moyoni, "Mimi siendi. Lakini upepo ukinipeleka, si mimi."

Mnauona ujanja huo? Hakuamua kusamehe. Aliamua kutopiga kasia. Na ninyi msimcheke, kwa sababu ndivyo tunavyosamehe wengi wetu. Tunangoja upepo. Tunangoja msiba utukutanishe, tunangoja mwenzetu augue, ili tukionekana tumekwenda tuseme ni mambo tu yalitupeleka.

Upepo ulikuwepo, mdogo, wa kutikisa unyoya. Mtumbwi ukaanza kuteleza. Naye alifumba macho, na kijiji kikaja juu kumlaki. Aliiona ile njia yenye mawe meupe ya mpaka. Aliisikia harufu ya maharage yanayotokota kwa shemeji. Akamwona kaka yake, kijana bado, amembeba Nakijwa mabegani, Nakijwa wa miezi minane, anamvuta masikio yote mawili, na kaka anapiga kelele za kujifanya anaumia. Mvuvi alikuwa amemsahau kabisa kaka huyo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemkumbuka yule wa siku moja tu, wa Jumatano.

Alipofumbua macho maji yalikuwa yamebadilika. Alichovya mkono, yalikuwa ya vuguvugu. Pande zote vilikuwa vikifunguka viduara vidogo, kimoja hapa, kimoja pale, kimya kimya. Perege, wengi kuliko alivyowahi kuwaota.

Na ndani ya ukungu sauti ikasema, "Karibu uani."

Mvuvi akadaka kasia. "Nani huyo?"

"Mwenye ua."

Ukungu ukapungua kidogo, akaona mtumbwi, na ndani yake mzee amejifunga blanketi mabegani. Hana wavu. Hana ndoana. Amekaa tu, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

"Nimekujua kwa kasia lako," mzee akasema. "Mbili kushoto, moja kulia, kama marehemu baba. Kisha ukanyamaza. Nikasema, huyo, sasa anajifanya anasukumwa na upepo."

Mvuvi alitafuta la kusema. Alikuwa na maneno ya miaka ishirini na miwili, ameyapanga vizuri, kila moja na jibu lake. Yote yalimkimbia. Akabaki na moja, la utotoni.

"Shikamoo, kaka."

Mzee alishika ukingo wa mtumbwi wake kwanza.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."

Wakakaa. Viduara vikafunguka na kujifunga kati yao. Mwishowe mvuvi akasema, "Kaka, mimi niliapa mguu wangu hautakanyaga hapa."

"Nao haujakanyaga. Naona umekaa ndani ya mtumbwi."

"Na wewe uliapa nisiuone mlango wako."

"Chungulia, basi. Unauona?"

Wakacheka. Walianza kwa kujizuia, kama watu wasiojua kama wanaruhusiwa, kisha wakacheka sana, mpaka mitumbwi ikayumba na perege wakakimbia. Wazee wawili juu ya maji, wanacheka kiapo ambacho hakikuwa na mahali pa kukanyaga wala pa kugonga.

Mvuvi akapangusa macho. "Lakini unafanya nini hapa, alfajiri hii, na huna hata wavu?"

"Nilisikia Nakijwa anaolewa. Nikajua utahitaji samaki, nikajua mahali pengine hutawapata. Leo ni siku ya tatu nakungoja. Wenzetu wakija nawaambia, hapa uani kwangu, samaki hawa wana mwenyewe." Akajifunga blanketi vizuri. "Na maji yale ya mfereji, mdogo wangu, haikuwa zamu yangu. Nilijua siku ile ile. Mahindi yenyewe hayakuzaa."

Mvuvi aliinamisha kichwa. Kisha, kwa sababu mtu aliyezoea ugomvi hata akisamehewa hutafuta pa kushika, akasema kwa utani, "Ila kaka, uvivu wako! Kila mtu alibeba mlango wake, wewe ukashindwa. Watoto wakalala nyuma ya jamvi baridi yote ile."

Mzee akamtazama.

"Hukuambiwa? Sikushindwa kuubeba. Niliuacha. Niliuacha wazi, nikauwekea jiwe usije ukajifunga kwa upepo. Nilisema, huyu mdogo wangu ana kichwa kigumu. Siku akija akakuta pamefungwa, atapata sababu ya kurudi. Kila siku maji yalipokuwa yakipanda nilishuka kutazama kama umekuja. Nilishuka mpaka siku maji yaliponifika kifuani. Siku hiyo mke wangu alinikataza."

Mvuvi hakuweza kuinua uso.

"Kaka, mlango huo sasa umeshaoza."

"Labda umeoza," mzee akasema. "Lakini kama umeoza, umeoza ukiwa wazi."

Wapendwa, niwaache hapo kidogo. Niwaache juu ya maji.

Mtaniuliza, samaki? Alipata. Kaka alishika ncha moja ya wavu, yeye akashika nyingine, na wavu ule mmoja ulitosha. Wakwe walikula wakalamba vidole. Binamu wa mbali aliambiwa akae tu, ale, na alifurahi kuliko wote. Jumamosi alasiri mzee mwenye blanketi alimshika Nakijwa mkono, akamvusha kizingiti, na katikati ya kizingiti binti alinyoosha mkono akamvuta sikio. Hakuna aliyemfundisha. Hayo yalikwenda vizuri.

Lakini baba yake alikuwa amesimama nyuma analia, na wageni walidhani analia kwa kumuaga binti. Alikuwa akizihesabu zile kona. Kila asubuhi, robo saa kwenda, robo saa kurudi, miaka ishirini na miwili, akizunguka mlango ambao haukuwahi kufungwa hata siku moja. Alikuwa amelicheka jamvi. Lile jamvi alilolicheka mpaka akashika mbavu lilikuwa baridi ambayo kaka yake aliibeba kwa ajili yake.

Na mmoja wenu hapo nyuma anajiuliza, mbona kaka naye hakwenda kwa mdogo wake? Swali zuri. Mdogo naye alimwuliza, wakati wanavuta wavu. Mzee akajibu, "Kuacha mlango wangu wazi kulikuwa rahisi kuliko kwenda kugonga wa kwako. Hilo ndilo kosa langu." Kwa hiyo asidanganyike aliye humu akidhani ameshamaliza kwa kuacha wazi. Ukishafungua, toka.

Sasa tushuke kwenye mtumbwi, tujitazame sisi.

Sisi tumegombania nini? Kiti cha mbele kwenye kwaya. Nani alisahauliwa kwenye orodha ya chakula. Neno alilosema mtu mwaka ambao hata yeye haukumbuki. Lile jambo limezama siku nyingi, maji yamepita juu yake, ukizamisha mkono hulifikii. Na bado tunapiga duara. Tunakwenda kisima cha mbali kwa sababu cha karibu kiko kwa fulani. Tunapita njia ya matope na barabara ipo. Tunamwomba Mungu atuonyeshe walipo samaki, na kila mwaka anatuonyesha mahali pale pale, nasi tunamwambia, Bwana, huko hapana, nionyeshe pengine.

Na Yeye mwenyewe, mlango wake? Mnadhani ameufunga? Tulipomwibia zamu yake, tulipomwambia mguu wetu hautakanyaga tena, mnadhani aliung'oa akaubeba akaenda zake? Ameuwekea jiwe. Anaingia majini kila siku kutazama kama tumekuja.

Kutoka hapa mbele mimi naona mambo ambayo ninyi hamyaoni. Naona ule mlango mdogo wa pembeni, ule wa kutolea viti. Haukujengwa uwe njia. Lakini Jumapili baada ya Jumapili, wimbo wa mwisho ukianza, wapo wanaoteleza kuelekea huko ili wasipishane na mtu fulani kwenye mlango mkubwa. Wanakata kona kama lori. Nawajua kwa mwendo wao, kama yule mzee alivyojua kasia.

Na asidhani mtu kwamba nawasema ninyi. Kwa miezi saba sasa, tangu kikao kile cha ujenzi, mtumishi wenu nikimaliza baraka hutoka kwa mlango wa pembeni. Mnadhani nina haraka ya kwenda kwa wagonjwa. Sina haraka yoyote. Ninamkwepa mtu aliyekaa benchi la tatu upande wa dirisha, ambaye nilimjibu vibaya mbele ya watu, na alikuwa anasema kweli. Nimengoja upepo miezi saba.

Mzee wa kanisa, kama tulivyoongea asubuhi, ufunge ule mlango wa pembeni, na ufunguo ukae nao. Leo tutatoka wote kwa mmoja. Na ninyi kabla hamjasimama, nipeni nafasi kidogo, nishuke hapa madhabahuni niende mpaka benchi la tatu.